Vali Inayokaa Jidda

Bi Jokha wa Malaz, Riyadh, ana kipaji cha kumchukia mtu huku anamkatia keki. Wifi yake Amal, wa Jidda, kila akija Riyadh anakuta shuka mpya kitandani, udi umefukizwa mpaka unanukia kwenye lifti, na sambusa zimekunjwa ncha kali utasema zimepimwa kwa rula. Ukiwaona wanavyokumbatiana mlangoni, shavu kwa shavu mara tatu, utadhani wamenyonya ziwa moja. Mlango ukishafungwa tu, vita.

"Wifi, umekonda," Amal anaanza kabla hajavua abaya. "Au ndo baridi ya Riyadh imekukausha?"

"Wewe umenawiri, mashallah. Jasho la Jidda linafaa ngozi. Wenzenu wanalipa kukaa kwenye mvuke, nyie mnapewa bure barabarani."

Na hapo bado hawajakaa.

Wazee wao wote wawili walitoka Unguja mwaka sitini na nne, na wao wenyewe wamezaliwa huku huku. Jokha aliolewa na Haroub, fundi wa viyoyozi, mtu mpole ambaye amri pekee anayotoa nyumbani ni ya kiyoyozi kiwekwe ngapi. Amal ni dada yake Haroub. Yeye aliolewa Jidda, mtaa wa Nuzha, na Sultan wa mizigo ya uwanja wa ndege, na tangu afike huko anaizungumzia Riyadh kama mtu aliyeponea ugonjwa.

Jokha mwenyewe alifanya kazi miaka mingi kwenye basi la skuli ya wasichana. Si dereva, ni yule mama anayesimama mbele kuhakikisha watoto wamekaa. Hakuwa akipiga kelele. Aligeuka tu, akatazama, basi zima likanyamaza, na aliyekuwa akila pipi kwa siri akaimeza na karatasi yake.

Sasa, mtoto wake wa kwanza, Amir, ni injinia. Kampuni yao hapo Riyadh imetengeneza satelaiti, ndogo, ya kupiga picha za mashamba, na ilikuwa ipakiwe kwenye roketi Amerika, ipelekwe juu. Jokha alipomuuliza ina ukubwa gani, Amir, maskini, alijibu kwa nia njema kabisa: kama friji la hotelini. Jokha naye kwa furaha akalirusha neno hilo hilo kwenye grupu la ukoo, mbele ya watu wa Muscat, wa Unguja na wa Jidda. Toka siku hiyo Amal hajawahi kusema satelaiti.

"Friji letu halijambo?" anauliza. "Linagandisha?"

Jokha angeweza kuvumilia. Tatizo Amir anamtaka Safa, binti wa Amal, na Safa anamtaka Amir. Walianza kutumiana vichekesho wakiwa chuo, mpaka vichekesho vikaisha wakabaki wao. Haroub akampigia dada yake kumpa habari ya posa. Simu ilikuwa kwenye spika. Jokha alikuwa anamenya vitunguu, kisu kikasimama.

"Kaka, mie mwanangu simpi mtu ambaye kazi yake hata mama yake hawezi kuieleza," Amal alisema. "Siku nitakayoliona kwa macho yangu hilo friji lenu linaruka, siku hiyo hiyo Safa wenu. Kabla ya hapo msiniletee watu na masinia."

Jokha akainamia simu, machozi ya vitunguu yanamtiririka.

"Basi njoo. Ukae kwangu, kwenye kochi langu, uangalie kwa macho yako hayo hayo."

"Ntakuja. Mie siogopi vumbi."

*

Ilikuwa Ijumaa, roketi ya kuruka baada ya Alasiri. Jokha alipika utadhani ni harusi yenyewe: sambusa, katlesi, vileja, biriani ya kuku, halua iliyotoka Muscat kwenye begi la mtu. Aliwaalika majirani pia, maana ushindi bila mashahidi una raha gani? Alikuja yule Mmisri wa ghorofa ya pili na binti zake. Sultan alikaa pembeni ya kochi, na kama kawaida yake, dakika ya pili akawa amelala mdomo wazi. Safa alikaa na simu yake, anarekodi. Amal akapewa nafasi ya katikati, mbele ya tivii, karibu mno, kama mgonjwa wa macho.

"Niko karibu sana, wifi."

"Usije ukasema hukuona vizuri."

Tivii hiyo Haroub aliinunua kwa ajili ya mpira. Siku hiyo ikaonyesha roketi nyeupe imesimama wima, inatoa moshi ubavuni kama mtu anayepumua asubuhi ya baridi. Jirani akasema mashallah. Haroub akasema mashallah, tabarakallah. Safa akasema. Hata Sultan, usingizini, akaguna kitu kilichofanana na mashallah.

Amal akanywa kahawa kidogo. Akaiangalia roketi kutoka chini mpaka juu, taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani.

"Dude refu hilo," akasema.

Basi. Akarudi kwenye finjani yake.

Jokha alibaki ameshika sinia ya vileja. Alisubiri. Labda anatafuna kwanza, atasema. Labda amekwamwa na tende. Dakika zikapita, Amal akachukua tende nyengine, akatema kokwa, akajifuta vidole. Mashallah hakuna. Refu, halafu kimya.

Tarakimu zikaanza kushuka kwenye kioo. Mtangazaji, kijana wa Kiarabu mwenye koti la kubana, sauti ilikuwa inampanda. Binti za Mmisri wakaanza kuhesabu naye kwa kelele. Haroub akashika tasbihi. Jokha akasimama nyuma ya kochi, nyuma kabisa ya kichwa cha wifi yake. Miaka yote ya friji na vumbi na kukonda inakwenda kuishia pale, chini ya dakika moja.

Tarakimu zikasimama.

Mwanzo watu walidhani ni intaneti. Safa akauliza, "Imeganda?" Lakini moshi ulikuwa bado unatoka, na kijana mwenye koti bado anatabasamu, ila sasa lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Kisha chini ya kioo likapita neno: imeakhirishwa. Sababu za kiufundi.

Halafu wakasema wote.

"Yaani nimeacha nguo kwenye mashine kwa hili?" Mmisri akainuka, akakusanya binti zake na, akiwa njiani, katlesi mbili.

"Wanatuchezea akili," alisema Safa. "Siku zote hizo wana mitambo na waya, wanakuja kukagua leo, watu tumeshakaa!"

"Si kitu, watajaribu tena," alisema Haroub.

"Baba Amir, nyamaza," alisema Jokha.

Kwenye grupu la ukoo wakaanza. Mtu wa Muscat: *mmesahau kulichomeka ukutani?* Mtu wa Unguja akatuma stika ya friji lenye miguu limekaa chini linakataa kutoka jikoni. Mwengine akaandika, *mie nimefunga duka kwa ajili ya hili, nani atanirejeshea wateja wangu*, na hakuwa anatania, maana alimalizia na tusi. Watu waliokuwa wanaomba dua asubuhi, jioni wanamtukana Amir kama yeye ndiye aliyekaa juu ya roketi akakataa kushuka.

Amal akaiweka finjani mezani polepole.

"Lo. Pole, wifi. Na sambusa zote hizi."

Ni zile sambusa zilizomuua Jokha. Si friji, si pole. *Na sambusa zote hizi.*

Amir akapiga simu kutoka ofisini, sauti imekauka. "Mama, msihuzunike. Ni vali tu. Vali moja haikufunga sawasawa, kompyuta ikasimamisha kila kitu. Afadhali hivyo kuliko iripuke. Watajaribu tena wiki ijayo."

"Vali ndo nini?"

"Kitu kinachofungua na kufunga, mama."

Jokha akatazama ng'ambo ya meza. Amal alifungua mdomo, akatia sambusa, akafunga.

"Naijua," Jokha alisema kwa sauti ya chini. "Inakaa Jidda."

*

Hapa ieleweke kitu kimoja. Mtu akisifiwa bila mashallah akapatwa na jicho, watu wa huku wana dawa yake, na Waswahili waliozaliwa huku wameichukua kama walivyouchukua wali wa kabsa. Unamtafuta aliyetia jicho, unachukua kitu kilichomgusa, masalio ya kahawa yake, kokwa za tende alizotema, unachanganya na maji, unamwosha nayo aliyepatwa. Jicho linarudi lilikotoka. Sharti moja tu: mwenye jicho asijue. Maana akijua, hutibu jicho tena, unatibu ugomvi.

Haroub akawachukua Sultan na Safa kwenda Batha kununua vikorokoro vya kurudi navyo Jidda. Amal akasema goti linamuuma, akaingia chumbani kujinyoosha. Jokha akasubiri mpaka aliposikia kitanda kinalia. Kisha akaenda mezani.

Finjani ya Amal haikuwa kazi kuijua. Amal hupaka mdomo rangi ya zambarau hata akienda msibani. Jokha akamimina masalio kwenye bakuli, akatia kokwa zote zilizokuwa kwenye kisahani chake, akaongeza kikombe cha maji ya Zamzam ili dawa isipungue nguvu. Akakoroga kwa kidole. Kisha akasimama pale na bakuli lake, akili ikamjia swali ambalo alitakiwa ajiulize mapema: anamwosha nani?

Roketi iko Amerika. Amir yuko ofisini, na hata angekuwepo asingekubali kuoshwa. Huyo hata ubani anasema unamletea pumu. Jokha akafikiri. Jicho la Amal lilipita wapi? Lilitoka pale kwenye kochi, likaenda moja kwa moja kwenye kioo, likaingilia hapo. Mlango wa jicho ni tivii.

Na tivii ilikuwa bado inaonyesha ile roketi, imesimama imenuna, watu wenye kofia wanaizunguka.

Jokha akachovya kitambaa. Akaanza kileleni, anasoma sura ya Falaq kimoyomoyo, anashuka na kitambaa taratibu, ubavu huu, ubavu huu. Akaona haitoshi. Akakichovya tena mpaka kikawa kinadondosha, akakikamua juu kabisa ya ile roketi, kahawa na Zamzam vikateremka kwenye kioo kwa mistari, vikafika chini, vikaingia kule kwenye ufa mwembamba ambao Haroub alishasema hata vumbi lisipite.

Tivii ikalia *chiii*. Halafu *pu*. Halafu giza, na harufu ya iliki iliyoungua.

"Wifi. Unaiosha tivii?"

Amal alikuwa mlangoni, hana viatu, goti halimuumi hata kidogo.

"Naifuta vumbi. Si wewe unasema kwangu kuna vumbi?"

"Kwa finjani yangu?"

"Ipi? Hii? Hii ya mtu yeyote."

"Na hizo kokwa bakulini ni za mtu yeyote pia?"

Jokha akalitazama bakuli kama ndiyo kwanza analiona. Amal akasogea, akachungulia ndani, na uso wake ukabadilika pole pole, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria.

"Mimi," alisema. "Shangazi yake. Niliyembeba akiwa na siku saba. Mimi nimemtia jicho mtoto wa kaka yangu."

"Mie sijasema."

"Tivii imesema!"

"Ulisema refu!"

"Si refu? Lilikuwa fupi?"

"Ulisema refu, hukusema mashallah! Watu wote wamesema, hata mumeo kasema na yeye kalala!"

"Kwa hiyo roketi ya Amerika, na mafuta yake, na makompyuta yake, imezimwa na mimi niliyekaa Malaz na finjani? Basi jeshi waninunue!"

"Sicheki, Amal."

"Na mie sicheki! Mwenye jicho hapa ni nani? Mimi, au wewe uliyekuwa unawatazama watoto wa watu kwenye basi mpaka wanajikojolea?"

"Walikuwa na adabu wale!"

"Walikuwa na hofu! Wakikuona sokoni mpaka leo, wazima na waume zao, wanavuka barabara!"

Jokha akasema kitu kuhusu harusi ya Amal ya miaka hiyo, na ukumbi ulivyokatika umeme, na nani alikuwa amekaa mbele siku hiyo. Hilo tuliache, maana lilimgusa na marehemu. Amal akavaa abaya yake, akaburuta sanduku lake mpaka nje, akaliweka karibu na lifti, akalikalia. Alikaa pale mpaka wenzake waliporudi kutoka Batha. Majirani waliopita wakamsalimia, akawajibu vizuri tu, na kila mmoja akamweleza.

Lifti ilipofika akainuka, akamgeukia Jokha aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti na kitambaa bado mkononi.

"Macho yangu nimeyachukua yote mawili. Usije ukasema nimesahau moja kwenye kochi."

*

Kabla ndege ya Jidda haijatua, sauti ya Amal ilishafika kwenye grupu, ndefu kama hotuba, mwisho wake analia kwa kwikwi. Stika za friji zikastaafu. Sasa zikaja za tivii inaogeshwa kwenye beseni, tivii na taulo kichwani, tivii inapakwa mafuta ya nazi. Mtu wa Muscat akauliza kama Bi Jokha anaosha na mikrowevu.

Amir alirudi, akaitazama tivii, akamtazama mama yake.

"Mama. Vali."

"Nshasikia."

"Chuma, mama. Kipande cha chuma. Hakijui shangazi ni nani."

"Nshasikia, Amir!"

"Safa hajibu meseji zangu."

Jokha akaenda jikoni, akafungua jokofu, akatazama zile sambusa, akafunga.

Haroub ndiye aliyekuja kumfuata huko. Alisimama akikuna kidevu, na akasema neno refu kuliko yote aliyowahi kusema toka wamefunga ndoa.

"Tunakwenda Jidda. Siku ile ile wanayojaribu tena. Utaomba radhi kwa mdomo wako, kwenye nyumba yake, kisha tutakaa pale tuangalie. Amal akiona, neno lake ni lile lile, mimi namjua dada yangu. Na hapa pa kuangalia hatuna, umepaosha."

*

Nuzha ndege zinapita juu ya nyumba kama majirani wasiobisha hodi. Jokha alishuka kwenye teksi, jasho likamvaa kama nguo ya pili, na ikamjia sentensi tamu kabisa kuhusu mvuke. Akaimeza. Amal akafungua mlango. Shavu kwa shavu, mara moja tu.

Sultan alikuwa sebuleni, macho, jambo ambalo lenyewe lilitisha. Safa alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani, hamtazami mtu. Amir alibaki Riyadh kazini kwao.

"Wifi," Jokha alianza, bado amesimama. "Nimekuja. Kama nimekukosea..."

"Kama?"

"Nimekukosea."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ile tivii."

"Tivii ni yako. Iombe radhi mwenyewe."

Jokha akamtazama Haroub. Haroub akalitazama zulia.

"Nilikudhania vibaya."

"Na sasa unadhani vipi?"

"Sasa nadhani..." Neno lenyewe akalisemea kwenye ushungi. "Vali."

"Sikusikia, wifi. Ndege imepita."

"Nadhani ilikuwa vali, Amal! Vali, vali, halas!"

"Nimekusamehe," alisema Amal, kwa sauti ya hakimu mwenye njaa, na akaashiria kochi.

Wakakaa. Safa akaleta kahawa. Jokha akapewa finjani ya karatasi, ile ya kutupwa, wenzake wote za udongo. Akaiona, wakamwona ameiona, ikapita. Tivii ikawashwa. Roketi ile ile, moshi ule ule, kijana yule yule na koti jengine. Tarakimu zinashuka na safari hii hakuna anayehesabu kwa sauti. Watu waliotapeliwa mara moja hawashangilii mapema.

Jokha hakujali kahawa ya karatasi. Alikuwa amekaa na wifi yake bega kwa bega, na kioo kiko pale. Dakika chache tu. Aone, atoe jibu, waondoke.

Ndipo Amal akavua miwani. Akaikunja, akaiweka mapajani, akashika mikono yake vizuri, akafumba macho.

"Unafanya nini?" aliuliza Haroub.

"Nalinda friji lenu, kaka. Macho yangu yana sifa mbaya Riyadh. Likianguka leo nisiambiwe."

"Amal," Jokha alisema. "Fumbua."

"Hapana."

"Si nshaomba radhi?"

"Na mie nimekusamehe. Nimekusamehe na macho nimefumba, yote mawili yanawezekana."

"Lakini ulisema jibu utatoa siku utakayoliona kwa macho yako!"

"Nilisema, na bado nasema. Na sitaliona." Alitabasamu, macho yamebana, uso umetulia kama anasafishwa ngozi saluni. "Aliyenifumba nani, wifi? Si wewe?"

Finjani ya karatasi ikabonyea mkononi mwa Jokha.

"Mama, basi!" alisema Safa kutoka mlangoni.

"Nyamaza, sioni."

Jokha akasogea. Akasogea tena, mpaka pua yake na ya Amal zikakaribia kugusana, na akamtolea lile jicho la basi, lote, la miaka yote, lile lililomezesha watu pipi na karatasi. Lakini utamtisha vipi mtu aliyefumba? Akajaribu kubembeleza. "Amal, mtoto wa kaka yako." Hakuna. Akajaribu kutisha. "Naona kope zinacheza. Unachungulia." Hakuna. Nyuma yake tivii ilikuwa inanguruma, kisha ikanguruma zaidi, mpaka finjani zikatetemeka mezani. Haroub akapiga takbiri, sauti ikampasuka katikati. Safa akapiga kelele. Sultan alisema "Ya salaam, ya salaam," kama mtoto. Mwanga wa rangi ya chungwa ukapita kwenye paji la uso la Amal, kwenye kope zake zilizobana, na Jokha akazikodolea kope zile, hapepesi, zifunguke tu, mara moja tu, amkamate.

"Limepita mawingu," Haroub alisema, na alikuwa analia.

Jokha akageuka. Kwenye kioo kulikuwa na mbingu tupu na uzi wa moshi, na kijana mwenye koti anakumbatiana na mtu.

Safa alishatoka mlangoni. Alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, umeona?"

"Nimeona. Mashallah. Lilinyanyuka pole pole kwanza, nikasema hili haliendi..."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa ya nani?"

"Basi jibu, baba."

Sultan akamtazama mkewe, aliyekuwa bado amefumba, ingawa sasa tabasamu lilikuwa limeanza kulegea pembeni.

"Mama yako hajaona."

"Walii wangu wa ndoa ni mama au ni wewe?"

Ndege ikapita, ikaisha. Sultan akajikuna sikio. Inaonekana katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe alikuwa amesahau.

"Haroub," akasema, "Ijumaa walete watu wako. Wale wenye adabu tu. Hao wa Muscat wabaki kwenye simu."

Macho ya Amal yakafunguka kama mlango uliopigwa teke.

"Sultan!"

"Naam."

"Mie sijaona!"

"Ungeangalia."

Safa alikuwa ameshaondoka na simu yake chumbani, na kicheko chake kikasikika mpaka sebuleni. Haroub akamkumbatia shemegi yake. Jokha alikuwa amesimama katikati ya chumba, amepata alichokuja kukitafuta, na mikono hajui aiweke wapi. Simu yake ikalia kwenye mkoba. Amir, anapiga kelele, nyuma yake watu wanapiga kelele, ofisi nzima imepagawa.

"Mama! Mama, umeona?"

"Nimeona, mwanangu," alisema Jokha. "Mashallah. Tabarakallah."

"Uliona moto ulivyotoka? Uliona ilivyoinama kidogo, halafu ikanyooka? Sisi wote hapa roho zimetoka!"

"Niliona, baba. Niliona na ilivyonyooka."

"Muulize mama yako moshi ulitokea upande gani," alisema Amal kutoka kwenye kochi, kwa sauti ya kutosha kufika Riyadh bila simu.

Jokha akaweka kiganja juu ya simu. "Wewe nyamaza, hukuona kitu."

"Na wewe hukuona. Nilifumbua mara moja, nikakuta jicho lako limeingia puani mwangu."

"Aa! Kumbe ulifumbua!"

"Nilifumbua nikakuona wewe. Friji sijaliona, na sitaliona mpaka nakufa, na watu wa Muscat ntawaambia mama mtu alikuwa anatazama nini kazi ya mwanawe ikiruka."

"Mama?" Amir aliita chini ya kiganja. "Nani huyo? Anasemaje?"

Jokha akatoa kiganja, bado amemkazia macho wifi yake.

"Mama mkwe wako," akasema. "Anakusalimia."

"Sijamsalimia mtu," alisema Amal.